Kamera ya kusoma namba za magari getini hospitali: ni msaada kweli au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

KatibuWaZamu (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni katibu wa hospitali moja ya misheni, Kanda ya Kaskazini. Jina la hospitali naliacha. Kwa wasiofahamu, katibu ndiye anayeulizwa kila kisicho dawa. Maji yakikatika ni mimi, shuka zikipungua wodini ni mimi, na siku hizi magari yakibanana getini ni mimi pia.

Hali yenyewe iko hivi. Uwanja wetu unabeba magari kama sitini yakipangwa vizuri, na hayapangwi vizuri. Geti ni moja tu la kuingilia na kutokea. Ukitoka, kulia kuna soko na kushoto kuna stendi ya daladala, kwa hiyo wapo wafanyabiashara wanaoingia saa moja asubuhi, wanamwambia mlinzi "naenda kuona mgonjwa", wanaegesha chini ya mwarobaini na kwenda dukani kwao mpaka jioni. Watumishi wetu nao wanafika mapema na kujaza nafasi zote za karibu na OPD (idara ya wagonjwa wa nje), halafu bibi wa miaka themanini anashushwa kule mwisho karibu na tanuri la taka. Saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, kila mtu na hotpoti yake, geti halipitiki. Jumamosi usiseme. Msiba ukija kuchukua mwili mochwari unakuja na Coaster mbili na msururu wa magari madogo, na hakuna mlinzi mwenye moyo wa kumwambia mfiwa arudi nyuma apange gari.

Upande wa usalama tumeibiwa betri, vioo vya pembeni, na pikipiki ya muuguzi iliyotoka mchana kweupe ikiwa inaendeshwa, si kusukumwa. Mlinzi ana kaunta buku la kuandikia namba. Nimelipitia. Kuna mistari imeandikwa "T 4 nini 7 D", kuna "Noah nyeusi", kuna "mzee wa jana". Upo ukurasa mmoja hauna kitu isipokuwa neno "mvua".

Sasa amekuja mzabuni na kompyuta yake. Anatuuzia mfumo wa kamera zinazosoma namba za gari zenyewe: gari linafika, kamera inasoma, kizuizi kinanyanyuka, saa ya kuingia inaandikwa. Anasema inasoma kwa usahihi wa asilimia 98. Video aliyotuonyesha ni ya Ulaya, barabara kavu, magari yanang'aa kama yametoka kuoshwa. Mganga mfawidhi amevutiwa. Bei yake inanunua ultrasound nyingine na chenji inabaki.

Mhasibu amevutiwa kuliko wote, kwa sababu yake. Tuna wagonjwa wanaoondoka bila kulipa. Anataka namba ya gari iunganishwe na bili, ili mtu mwenye deni akifika getini kizuizi kisinyanyuke mpaka alipe. Mimi hapo roho inasita lakini sina hoja ya kisheria mkononi, na kikao ni wiki ijayo.

Naomba mwenye uzoefu aniambie: hii kitu inafanya kazi kwa pleti zetu? Inazuia wizi? Na kuna mtego gani ambao mzabuni hataki niuone?

---

BawabuMstaafu

Mheshimiwa katibu, mwizi wa betri hana gari. Anaingia kwa miguu na mfuko wa machungwa, anatoka na mfuko mzito zaidi. Kamera yako itasoma namba za watu wema wote.

---

FundiNyaya

Mkuu katibu, heshima yako. Kazi yangu ni kufunga mifumo hii Dar, zaidi kwenye majengo ya ofisi, nyumba za kupanga na yadi za magari. Hospitali nimegusa pia. Nitakwambia ninachokiona kwenye ngazi, nikiwa na bisibisi, maana kwenye karatasi ya mzabuni kila kitu kinasoma.

Kwa pleti zetu inafanya kazi, na kuna jambo moja linatusaidia. Namba ya kawaida ya Tanzania Bara ina mpangilio usiobadilika: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Programu iliyofundishwa mpangilio huo haibabaiki kati ya 8 na B au 5 na S, kwa sababu inajua nafasi hii lazima iwe tarakimu na ile lazima iwe herufi. Programu ya Ulaya ambayo haijaambiwa chochote itakisia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzabuni: mfumo wako umewekewa mpangilio wa Tanzania, au umetoka nao kwenye boksi hivyo hivyo?

Halafu mpe vigumu. Mpe STK, STL, SU na DFP, yaani namba za serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili, maana kwenye hospitali ya misheni magari ya miradi hayakosi. Mpe gari la Zanzibar linaloanza na Z. Mpe mwenye namba binafsi iliyoandikwa jina lake. Mpe pleti ya nyuma ya gari lililotoka Japani, ile ya mraba yenye mistari miwili. Mpe Land Cruiser yenye bomba kubwa la mbele linalokata namba katikati. Mpe gari lililotoka vijijini masika, tope hadi kwenye taa. Na mpe bodaboda: namba yake iko nyuma, ndogo, mistari miwili, mara nyingi imekunjwa. Kamera inayotazama magari kwa mbele haitaiona kabisa. Ile pikipiki ya muuguzi wako ingepita vilevile, isipokuwa uwe na kamera ya pili inayotazama mgongo wa chombo kinachotoka.

Kuhusu hiyo asilimia 98, muulize: 98 ya nini? Wengi wanahesabu herufi moja moja. Namba yetu ina alama saba. Kama kila alama inasomwa sawa mara 98 kwa 100, namba nzima kutoka sahihi ni 0.98 ijizidishe mara saba, unapata karibu 0.87. Maana yake kati ya magari 100, kama 13 yataandikwa kimakosa. Kwa mfumo wa kuhesabu muda, gari lililoandikwa vibaya linapoingia halitafutiki linapotoka. Kwenye kompyuta linabaki ndani milele, na lile linalotoka halijawahi kuingia. Usisaini kitu bila majaribio getini kwako, na jaribio lipate usiku na mvua. Mpe kijana makini kaunta buku aandike namba zote kwa mkono, kisha mlinganishe namba nzima kwa namba nzima.

Kuhusu kamera yenyewe. Ya kawaida ya ulinzi usiku inapigwa na taa za mbele za gari, unabaki na picha ya jua mbili. Ya kusoma namba inatumia taa za infraredi, kwa kawaida mawimbi ya nanomita 850, kwa sababu pleti ina utando unaorudisha mwanga. Kasi ya shata nayo inakuwa kubwa, sekunde moja ugawe kwa elfu au zaidi, ili picha iwe nyeusi yote isipokuwa pleti. Ndiyo maana usiku picha yake haionyeshi rangi ya gari wala sura ya mtu. Ukitaka kujua ni Noah nyeusi au Probox nyeupe unahitaji kamera nyingine ya kawaida pembeni. Mzabuni asikuuzie moja akakwambia inafanya yote.

Pembe: isizidi nyuzi 30 hivi, juu au pembeni. Nimekuta kamera imefungwa juu ya nguzo ya umeme kwa sababu pale ndipo waya ulipofika. Ilikuwa inasoma paa.

Na sasa ndiyo nifike kwenye jambo ambalo ukisahau yote niliyosema hapo juu, hili usilisahau. Wewe ni hospitali. Mama mwenye uchungu haji na ambulansi iliyosajiliwa kwenye orodha. Anakuja na bajaji saa nane usiku, au na gari la jirani ambalo pleti yake ya mbele ilidondoka mwaka juzi. Kizuizi kikisubiri kamera isome, na kamera isisome, na mlinzi awe ameenda msalani, umeua mtu kwa bomba la rangi nyekundu na nyeupe. Njia ya dharura isiwe na kizuizi. Kamera iwepo, irekodi tu. Kwenye geti moja kama lako, maana yake kuingia kuwe wazi kila wakati na kizuizi kikae upande wa kutoka peke yake.

Umeme ukikatika kizuizi kijinyanyue na kibaki juu. Hilo liandikwe kwenye mkataba. Mashine ya kusomea iwe hapo hapo getini na inveta yake, isitegemee intaneti, maana bando likiisha Ijumaa jioni nani ataweka?

---

Mchekeshaji_wa_Mtaa

Ukurasa wa "mvua" umenimaliza. Huyo mlinzi apewe ofisi ya hali ya hewa.

---

MuuguziUgaibuni

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mimi ni mtu wa Tanga, muuguzi, sasa hivi nipo Uingereza katika hospitali moja ya Midlands. Nimeona mada nikasema nisipite kimya, kwa sababu huku hizi kamera tunaishi nazo. Polisi wa huku ndio walioanza kuzitengeneza tangu 1976, na leo ziko kwenye maegesho ya hospitali kila mahali.

Kaka katibu, huku hospitali nyingi hazina mtu getini wala kizuizi. Unaingia, kamera inakupiga picha. Unatoka, inakupiga tena. Kompyuta inatoa saa ya kuingia kwenye saa ya kutoka, inatazama kama umelipa, kama hujalipa barua inakwenda nyumbani kwa mwenye gari. Sheria ya 2012 inaruhusu kampuni ya maegesho, katika mazingira fulani, kumdai mwenye gari aliyesajiliwa hata kama hajulikani nani alikuwa anaendesha. Hapo mwenzangu piga picha ya kwetu. Nani nyumbani ana kadi ya gari yenye jina lake? Gari la mdogo wangu limepita mikono kadhaa na kadi bado ina jina la mzee mmoja wa Iringa. Barua ingemfikia huyo mzee.

Kosa ambalo linawaliza watu sana huku ni hili. Mama analeta mtoto asubuhi, anaondoka, anarudi jioni na nguo. Kamera inakosa kumwona alipotoka asubuhi, labda lori lilimziba. Inabaki na picha mbili: alipoingia asubuhi na alipotoka usiku. Kwa kompyuta, mama alikaa siku nzima. Anatozwa faini, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwepo unakuwa wake. Nimekaa na mzazi wodini, mtoto kwenye oksijeni, yeye anatafuta risiti ya duka kuthibitisha kwamba saa sita mchana alikuwa ananunua nepi. Sikupenda kabisa.

Kitu wanachofanya vizuri ni msamaha. England kuna utaratibu wa maegesho bure kwa makundi manne: watu wenye ulemavu wenye ile kadi ya bluu, wagonjwa wa nje wanaohudhuria mara kwa mara, wazazi wa watoto waliolazwa wanaolala nao, na watumishi wa zamu ya usiku. Wales hospitali hazitozi kabisa kwa kawaida. Wodini kwetu kuna kibao cha kuandikia namba ya gari: mzazi anaandika, gari linasamehewa. Lakini akikosea herufi moja, kwa mfano akaandika O badala ya sifuri, msamaha umekwenda kwa gari lisilokuwepo. Kwa hiyo nikiwa zamu naandika mimi mwenyewe, nasoma kwa sauti, na yeye anatazama picha ya gari kwenye simu yake.

Na kuna jambo naomba ulipeleke kikaoni kwa maneno yako. Kabla sijaja huku nilifanya kazi CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Wewe unajua siku za kliniki ya CTC, na mji mzima unazijua. Daftari la mlinzi limejaa makosa, hilo ni kweli, lakini halina uwezo wa kupanga. Kompyuta inapanga. Mtu akiketi nayo dakika mbili atakwambia gari hili huja kila mwezi siku ya kliniki, likaingia saa mbili, likatoka saa nne. Hajafungua faili la mgonjwa hata moja, na siri ya mtu ameshaijua. Au mke aliyepigwa amekuja kushonwa na gari la shemeji, na mume ana rafiki yake pale getini mwenye kuweza kutafuta namba. Nani atakuwa na ruhusa ya kutafuta? Kwangu hilo ni swali la kitabibu.

---

BawabuMstaafu

Dada umesema kweli tupu. Nimelinda mageti maisha yangu yote. Rafiki wa mlinzi ni wengi kuliko unavyodhani, na wote wanauliza "kwani fulani kapita hapa?"

Katibu, niongeze moja kuhusu gari kuibwa. Kamera inajua gari, haimjui mtu. Mwizi akikaa kwenye usukani wa gari lako, namba ni ileile, kizuizi kitamnyanyukia kwa heshima zote. Zamani tulikuwa na kadi ya plastiki yenye namba. Unaingia unapewa, unatoka unairudisha. Huna kadi, unaonyesha kadi ya gari na kitambulisho. Gari halikuwahi kutoka kwangu bila kadi. Pikipiki pia. Gharama yake ni laminesheni na sanduku la mbao.

---

Kisauni_Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Nimefuata mjadala, niongee kuhusu huyo mhasibu, maana ndiye ninayemwogopa kuliko kamera.

Kwetu Kenya kuzuia wagonjwa kwa sababu ya bili kumefika mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili waliojifungua hospitali ya Pumwani, kwa kuwa hawakuwa na pesa za kulipa, ni kuvunja haki zao za kikatiba. Deni ni deni, lina njia yake ya madai, mtu hafungiwi. Hiyo ni Kenya na nyinyi mna sheria zenu, lakini mwambie mhasibu ajiulize: ndani ya hilo gari kuna nani? Gari ni la teksi, mgonjwa ni abiria. Gari ni la mchungaji aliyejitolea kumrudisha mama na mtoto. Kizuizi kikigoma kunyanyuka, umemshika mchungaji kwa deni la mtu mwingine, na nyuma yake kuna foleni ya magari hadi wodini. Mwenye deni mwenyewe, akiwa mjanja, ametoka kwa miguu na kupanda matatu.

Tena ukiunganisha namba ya gari na bili umeunganisha gari na ugonjwa, maana bili imeandikwa vipimo. Hapa Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na kuna Kamishna wake, na hospitali zinabanwa. Nadhani nanyi mnayo yenu.

Kuhusu ufanisi wa kusoma: hapa baadhi ya maduka makubwa yameshaacha tikiti za karatasi. Unatoka, unaandika namba ya gari, unalipa kwa simu, kizuizi kinapanda. Kwa maduka ni raha. Lakini dukani mtu hana haraka ya kufa.

---

KatibuWaZamu

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimechapa majibu yenu na kuyabana kwenye faili la kikao, ya Mchekeshaji sikuyachapa.

Nijibu machache. Mganga mfawidhi nimemsomea ile ya bajaji saa nane usiku. Hakusema kitu kwa muda, akaniambia tuachane na kizuizi cha kuingilia. Hilo limekwisha.

Mhasibu bado. Anasema basi angalau tutoze maegesho, na kamera ihesabu saa. Kwamba watu wameshazoea, wanadaiwa maegesho ya barabarani na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwa namba ya gari na wanalipa kwa kontrol namba, hivyo hawatashangaa.

Mimi nilikaa getini mwenyewe saa kumi jioni na kiti cha plastiki nikatazama. Nikaona kwamba karibu na OPD wageni hawapo. Ni sisi. Gari la maabara, gari la mfamasia, gari la mtu wa takwimu, na gari la katibu. Chini ya mwarobaini ndiko kuna wale wa sokoni, nao wanafahamika kwa sura, mlinzi anawaita kwa majina. Nilipomuuliza kwa nini anawaruhusu akanijibu, "Mzee, huyu ndiye anayeniletea chai." Sasa hapo kamera itaandika vizuri kabisa kwamba mleta chai aliingia saa moja na dakika kumi.

FundiNyaya, maswali mawili. Kwanza, kama tukichukua kamera bila kizuizi, za kurekodi tu, mbele na nyuma, nazitumia kwa nini hasa? Pili, kumbukumbu zikae muda gani?

---

FundiNyaya

Mkuu, umeshafika mbali kuliko wateja wangu wengi. Nianze na TARURA: yule ana kijana anayepita na mashine mkononi, anaona gari kwa macho yake, ndipo anaingiza namba. Kamera yako haioni kwa macho hayo. Ukitoza kwa saa, kila kosa la kusoma ni ugomvi getini na mtu aliyetoka kuuguza. Kama lazima mtoze, toza bei moja kwa siku, waliolaza mtoto na wa kliniki za kila mwezi wasilipe, na hesabu ya saa muiache.

Matumizi ya kamera za kurekodi tu. La kwanza ni hao wa sokoni. Kila jioni mfumo unakutolea orodha ya magari yaliyokaa zaidi ya saa sita. Ukiondoa watumishi na waliolaza wagonjwa, utabaki na majina ya chai. Humfukuzi mtu kwa kompyuta. Unamwita mlinzi na orodha yake mnazungumza. Na walinzi wabadilishane zamu, maana chai ndipo inapoanzia.

La pili ni watumishi. Watengee upande wa tanuri la taka, weka namba zao kwenye orodha, na mfumo ukuambie nani yuko ndani. Ila hapa utasikia kelele kuliko za mhasibu, kwa hiyo gari la katibu ndilo lihame siku ya kwanza.

La tatu ni tukio likitokea. Kioo kimeng'olewa kati ya saa nane na saa tisa, unatazama nini kiliingia na kutoka muda huo. Pleti inaweza kuwa ya bandia au ya kuazima, kwa hiyo ichukue kama mwanzo wa kuulizia, isiwe hukumu. Kwa pikipiki rudisha kadi za plastiki za Mzee Bawabu. Sikutegemea kusema hivi nikiwa muuza kamera, lakini kadi inashinda.

Muda wa kuhifadhi. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume. Hospitali kama mkusanyaji wa taarifa inatakiwa kujisajili huko. Uliza kama mmeshajisajili kwa ajili ya mafaili ya wagonjwa, maana kamera zitaingia humo humo. Sheria inataka usikae na taarifa kupita lengo ulilozikusanyia. Mimi hupendekeza siku 30, mfumo ufute wenyewe, na tukio lenye namba ya polisi litolewe likae pembeni. Mzabuni akikwambia "tunahifadhi mwaka mzima bure", muulize kwenye seva ya nani. Weka bango getini linalosema namba za magari zinarekodiwa na kwa nini.

Ruhusa ya kutafuta namba iwe ya watu wawili tu, wewe na mkuu wa ulinzi, kila mmoja na nywila yake, na mfumo uandike nani alitafuta namba gani na saa ngapi. Mlinzi wa getini aone gari lililopo mbele yake basi, asiwe na kisanduku cha kutafutia. Alichosema Dada muuguzi kuhusu CTC kiingizwe kwenye mkataba neno kwa neno. Na nywila ya msimamizi mkuu ikabidhiwe kwenu siku ya makabidhiano, ibadilishwe mbele yenu. Nimekuta hospitali ambayo mkandarasi aliondoka nayo na bado alikuwa anaingia kutoka nyumbani kwake.

---

MuuguziUgaibuni

Fundi, Mungu akubariki kwa hilo la kisanduku. Kaka katibu, nafasi za karibu na OPD zikishaachwa na watumishi, pakeni rangi mbili tatu ziwe za wenye ulemavu na mama wajawazito, na pana za kutosha kufungua mlango wote. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye upenyo.

---

BawabuMstaafu

Na msiba wa Jumamosi mbona hamjaugusa?

---

KatibuWaZamu

Mzee wangu, nimeufikiria. Nyuma ya mochwari kuna geti dogo ambalo lori la kuni za jikoni lilikuwa linapitia kabla hatujahamia gesi. Limefungwa kwa kufuli lenye kutu na ufunguo hajulikani anao nani. Kesho nakata hiyo kufuli. Misiba itaingilia huko, na mlinzi mmoja wa Jumamosi atahamia huko na viti vya wazee. Kazi hiyo nimeipangia fundi wa karakana, wala haihitaji zabuni.

Kikao ni Jumanne. Nitaomba kamera mbili za kurekodi, bila kizuizi, na majaribio kabla ya malipo. Mzabuni nimempigia nikamuuliza 98 ya nini. Ameniambia atanirudia.